H. pylori au EBV: yupi wa kumhangaikia kwenye kansa ya tumbo, na hela ya kipimo uiweke wapi

Shemeji yangu wa Marangu alinitumia picha WhatsApp usiku saa nne, kile kikadi cheupe cha plastiki cha kupimia damu ya kidoleni, kina mistari miwili, mmoja umekolea na mwingine umefifia kama umechorwa na peni inayoisha wino, na chini ameandika tu "shemeji nimekwisha". Nikampigia. Akaniambia amekutwa na H. pylori, akagugo akakuta inaleta kansa ya tumbo, alafu pale alipopimiwa (sipataji) wakamwambia ili ajue vizuri amalizie na kipimo cha pili, cha virusi vya EBV, manake navyo vinaleta kansa hiyohiyo, na bei yake ni mifuko mitatu ya saruji na chenji inabaki. Naipima kwa saruji kwa sababu jamaa anajenga na kila hela kwake sa hivi ni saruji.

Sasa huyu shemeji sio mtu wa kutishika ovyo. Ila baba yake, yani baba mkwe wangu, aliondoka na kansa ya mfuko wa chakula, na alivyoumwa wote tuliona na hatukuelewa. Mzee alitoboa mkanda wake wa ngozi matundu mawili mapya kwa msumari, tukasema uzee. Choo kikawa cheusi kama lami, yeye mwenyewe akasema ni kisusio, na kweli mtu akila supu ya damu choo kinaweza kubadilika rangi kwahiyo nani angebisha. Alipofikishwa hospitali ya KCMC ilikuwa ni ya kumfariji tu. Kwahiyo mtoto wake akiona mistari miwili, ana haki ya kukosa usingizi.

Nimekaa na hii mada muda mrefu tangu msiba ule, nimesoma, nimeuliza madaktari wawili ninaowafahamu, na kwa kuwa maswali aliyoniuliza shemeji naulizwa na watu wengi nimeamua niyaweke hapa kwa kulinganisha. Bakteria na virusi kwanza, alafu vipimo, manake huko kwenye vipimo ndo watu wanaliwa hela.

Bakteria: H. pylori

Huyu ni bakteria wa umbo la msokoto anayeishi kwenye ute unaofunika ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula. Zamani madaktari waliamini hakuna kinachoweza kuishi mule kwa ile asidi, mpaka 1982 Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakafanikiwa kumuotesha maabara, na walimuotesha kwa bahati, sikukuu ya Pasaka sahani zilisahaulika kwenye mashine siku nyingi kuliko kawaida na huyu bakteria anakua polepole, ndo maana wote waliokuwa wanatupa sahani baada ya siku mbili hawakumuona. Watu hawakuwaamini. 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, na siku chache tu akawa anatapika na mdomo unanuka, walipomwingiza kamera tumbo lina muwasho mkali. 2005 wakapewa Nobel.

Anaishije kwenye asidi? Ana kimeng'enya kinaitwa urease, anavunja urea, inatoka amonia, amonia inapooza asidi pale alipo. Likariri hilo neno urease, tutalikuta tena huko chini.

Njia yake ya kuleta kansa inajulikana karibu hatua kwa hatua, na ni ndefu, ni miaka mingi. Kwanza anawasha ukuta wa tumbo, ule muwasho unakaa haupoi, alafu ukuta unaanza kusinyaa, tezi zake zinapungua, alafu seli za tumbo zinaanza kufanana na za utumbo kama vile zimechanganyikiwa ziko wapi, baadae zinaharibika zaidi, na kwa wachache mwisho ni kansa. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, lilimuweka kundi la kwanza la visababishi vya kansa, kundi lilelile la sigara. Kansa nyingi sana za sehemu ya kati na ya chini ya mfuko wa chakula, zinazokadiriwa kufika 90%, zinahusishwa na yeye.

LAKINI, na hapa nilimfanya shemeji avute pumzi, wanaokuwa naye ni wengi mno, Afrika ni zaidi ya nusu ya watu, tunaambukizana utotoni ndani ya familia. Na katika wenye naye wanaofikia kansa ni kama 1 mpaka 3 kwa kila 100. Ndo maana kuna kitu watafiti wanakiita fumbo la Afrika, bakteria wengi kansa chache kuliko Japani au China, na wanabishana mpaka leo: wengine wanasema ni aina ya bakteria wetu, wengine chakula, wengine wanasema hatupimi tu tunazika. Ila ramani haiko sawa kote. Ukanda wa milimani, Kilimanjaro, Rwanda, Burundi, mashariki ya Congo, kansa ya tumbo imekuwa ikionekana zaidi kuliko maeneo mengine ya kwetu. Shemeji ni wa Marangu. Na ukiwa na mzazi au ndugu wa damu aliyeugua, hatari yako inapanda mara mbili mpaka tatu. Weka na chumvi nyingi na sigara juu yake.

Virusi: EBV

Hawa jina lao refu ni Epstein-Barr, na wamegunduliwa kwa nyama iliyotoka hapahapa Afrika Mashariki, kitu ambacho wengi hatukufundishwa shule. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa Kampala, akawa anaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Alipoenda kuueleza London mwaka 1961, Anthony Epstein alikuwa ukumbini, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe. Vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Siku moja ukungu ukazuia ndege kutua London ikageuziwa Manchester, kichupa kikafika kimechelewa na maji yake yamechafuka, wakadhani kimeoza, kumbe zile zilikuwa ni seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Ndo zikaoteshwa, na 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vipya.

Vinaambukiza kwa mate. Kikombe kimoja, busu, mama anayemtafunia mtoto chakula. Huku kwetu karibu kila mtoto anavipata akiwa mdogo bila hata homa ya maana, na duniani kote zaidi ya 90% ya watu wazima wanavyo. Vikishaingia vinajificha kwenye seli za kinga maisha yote.

Kwenye tumbo sasa. Karibu 1 kati ya kansa 10 za mfuko wa chakula ukizipima unakuta EBV ndani ya seli za uvimbe, na mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliopanga kansa za tumbo kwa vinasaba walizigawa makundi manne, moja likawa ni la EBV peke yake, karibu 9%. Zina tabia zake: zinapata zaidi wanaume, zinapenda sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, na kisiki cha tumbo la mtu aliyewahi kukatwa kipande. Na ajabu ni kwamba mara nyingi wenye aina hii wanaishi muda mrefu zaidi kidogo kuliko wenzao, na uvimbe wao unaelekea kusikia dawa za kuamsha kinga.

Tofauti kubwa na bakteria ni ushahidi. EBV nayo IARC iliipeleka kundi la kwanza, 1997, ila ilikuwa ni kwa ajili ya kansa nyingine, ya Burkitt (ile ya taya za watoto) na ya nyuma ya pua. Kwenye tumbo inakutwa eneo la tukio, ndani ya kila seli ya uvimbe, lakini haijafungiwa kesi kama H. pylori.

Uso kwa uso

Ukiniuliza nani mbaya zaidi, kwa idadi ya makaburi ni H. pylori, wala hawakaribiani. Ila mi naona swali lenyewe si hilo, swali ni yupi unaweza kumfanya kitu. H. pylori ana dawa, siku 14 anaondoka. EBV haina dawa ya kuitoa mwilini, haina chanjo, na ukipima damu ukakutwa "positive" umeambiwa kitu ambacho ungekibashiri bila sindano, kwamba we ni binadamu mtu mzima. Utafanyia nini hayo majibu? Hakuna daktari atakayekubadilishia chochote. EBV inakuwa na maana pale tu ambapo kansa imeshakutwa na kinyama kipo maabara, hapo mtaalamu anaweza kukipima kwa sababu jibu linaweza kusaidia kuchagua matibabu, na hicho kinapimwa kwenye kinyama na sio kwenye damu ya kidole.

Nikamwambia shemeji, saruji tatu zimeokoka.

Na dawa ya H. pylori sio ya kutuliza kiungulia tu, inapunguza kansa yenyewe. Linqu huko Shandong, China, kansa ya tumbo ni nyingi mno, watu walipewa dawa wiki mbili mwaka 1995 wakafuatiliwa miaka 22, waliopewa wakapata kansa karibu nusu ya wasiopewa. Visiwa vya Matsu, Taiwan, wameanza kupima na kutibu watu wote 2004, kansa mpya zikashuka kwa zaidi ya nusu. Hayo ni maeneo ya hatari kubwa, usiyachukue ukayabandika Lindi. Pia ukitibiwa ukuta wa tumbo ukiwa umeshaharibika sana, faida inapungua, haiwi sifuri ila inapungua.

Vipimo, huku sasa

Kidole/damu. Ndo kile cha mistari miwili. Rahisi, dakika kumi, kipo kila kona, na ndo kinachouzia dozi nyingi. Shida yake kinatafuta kingamwili, na kingamwili ni kama risiti ya mgahawa, inaonyesha uliwahi kula pale, haikuambii kama sa hivi uko mezani. Mtu ametibiwa mwaka jana akapona vizuri kabisa, leo akipimwa kidole mstari wa pili unatokea, anapewa dozi nyingine, na nyingine. Nina jirani amekula dozi tatu kwa mtindo huo na kila akimaliza anarudi kwenye kidole kuangalia kama imeisha, haitaisha mama, si kwa kipimo hicho. Kwa kifupi mi simshauri mtu alipie, labda pale ambapo kweli hamna kingine.

Choo. Kinatafuta antijeni, yani vipande vya bakteria mwenyewe, kwahiyo kinasema habari za leo. Bei yake kwa kawaida haijapishana sana na cha damu, kinapatikana maabara nyingi za mjini, na vilivyo vizuri vinapatia zaidi ya mara 9 kati ya 10. Watu wanakikwepa kwa aibu tu ya kile kikopo. Kubeba kinyesi kwenye daladala umekipakata ndani ya mfuko wa rambo, naelewa. Kiwe kibichi, usizunguke nacho mchana kutwa juani.

Pumzi. Unapuliza mfuko, unakunywa urea yenye kaboni ya alama, unasubiri kama nusu saa, unapuliza tena. Kama yupo ataivunja ile urea (ndo ile urease) na kaboni yenye alama itatoka kwenye pumzi. Kizuri sana, kisafi, hakuna kikopo. Ila ni cha hospitali chache za miji mikubwa na bei imesimama. Ukikipata na una bima inayokilipia, kichukue. Kama huna, choo kinatosha, wala usijione umekosa.

Kamera, wengine wanaita kumeza mpira, kwenye fomu utaona wameandika OGD. Hiki kimoja tu ndo kinachoona. Vingine vyote vinakuambia bakteria yupo au hayupo, hiki kinamuonyesha daktari ukuta wenyewe, kidonda, ukuta uliosinyaa, uvimbe, na anachukua vinyama vidogo. Kinyama kimoja kinaweza kuwekwa kwenye kidude cha njano, kama bakteria yupo kinageuka pinki au chekundu (urease tena), vingine vinaenda kuangaliwa kwa darubini, na hapo ndo kansa inaonekana au inaondolewa shaka. Unakaa bila kula tangu usiku, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unang'ata kidude, unacheuacheua na machozi yanatoka, mara nyingi haifiki dakika kumi na tano. Kukatwa kinyama hausikii.

Kuna kitu kimoja kinaharibu hivi vitatu vya mwisho na naona watu hawaambiwi: omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi. Ukiwa unaimeza, na zile ndugu zake, bakteria anapungua na kujificha, majibu yanakuja "hakuna" kumbe yupo. Acha wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4. Kiungulia kikikutesa katikati, zile tembe za kutafuna za magnesiamu zinavumilika. Ila kama omeprazo uliandikiwa kwa sababu uliwahi kutoka damu tumboni, usiache kwa kusoma hapa, muulize daktari wako.

Nani achague nini

Una kiungulia na gesi, we ni kijana, hupungui uzito, hamna historia nyumbani: choo, ukikutwa naye utibiwe, yameisha.

Unapungua uzito bila sababu, unatapika damu au kitu kama majivu ya kahawa, choo cheusi cha kunata, chakula kinakwama kikishuka, damu imepungua bila maelezo, unashiba kwa tonge tatu, au umevuka miaka 50 na haya mambo ndo yameanza: usipime kidole, usipime choo, usinunue dozi famasi. Nenda kamera moja kwa moja. Hapa siongei kwa upole kabisa kwa sababu dozi ya famasi inatuliza maumivu miezi miwili mitatu, na hiyo miezi ndo mzee wetu aliitumia vibaya, alikuwa ana maboksi matupu ya omeprazo kwenye droo kama mtu anayekusanya stempu.

Mzazi au ndugu wa damu alikuwa nayo, hata kama dalili zako ni nyepesi: angalau choo, na ongea na daktari kuhusu kamera. Mi ningechagua kamera.

Umeshatibiwa unataka kujua kama ameondoka: choo au pumzi, subiri wiki 4 au zaidi baada ya kidonge cha mwisho. Na kipimo hiki cha pili ndo kila mtu anakiruka. Bakteria huyu amezoea dawa, hasa klarithromaisini na flajili, kwahiyo kumaliza dozi na kupona sio kitu kimoja.

Dozi yenyewe, kidogo tu. Kwa kawaida ni dawa ya asidi pamoja na antibayotiki mbili, mfano amoksilini na klarithromaisini, au ile ya dawa nne yenye bismuti, tetrasaiklini na flajili. Mdomo utakuwa mchungu kama umelamba funguo, bismuti inafanya choo cheusi (huo weusi sasa ni wa dawa), na flajili na pombe havikai pamoja. Wengi wanaacha siku ya tano wakiona nafuu. Kabichi, asali, maji ya ndizi mbichi, sina ugomvi navyo, vinapoza, ila havimtoi bakteria.

Shemeji alichofanya, aliacha omeprazo wiki mbili, akalalamika kila siku, alafu akaenda kamera. Alinipigia akiwa bado koo limekufa ganzi anaongea kama mlevi. Ukuta una muwasho, kidude cha njano kiligeuka pinki ndani ya dakika chache, vinyama vilivyoenda darubini vikarudi havina kansa wala ule ukuta uliosinyaa. Akapewa siku 14, akamaliza zote na mke wake akiwa anamhesabia vidonge kwenye meza. Sa hivi anasubiri wiki nne zitimie. Juzi kanitumia picha nyingine, nikafungua kwa wasiwasi, kumbe ni kikopo kitupu chenye mfuniko mwekundu kimewekwa juu ya mfuko wa saruji, na chini ameandika "shemeji hiki nakibebaje kwenye hiace".